Sinza, Kigamboni au Kimara?
Mimi na mke wangu tumejadili wiki nzima tuhamie mtaa gani hapa Dar es Salaam. Sinza kila kitu kiko mlangoni: soko, daladala, chipsi hata saa sita usiku. Lakini kodi iko juu na baa hazilali, nasi tuna mtoto mchanga.

Kigamboni nimeipenda kweli. Upepo wa bahari, nafasi, nyumba yenye uwanja wa kuanikia nguo na kufuga kuku. Ila mimi nafanya kazi Posta, katikati ya jiji. Asubuhi unasubiri pantoni, au unazunguka darajani Kurasini.

Kimara ni vilima, na mvua ikinyesha njia za ndani ni tope tupu. Lakini mabasi ya mwendokasi yanaanzia pale. Ukiwahi alfajiri unakaa kwenye siti mpaka Kivukoni, karibu na Posta. Tumeamua Kimara. Wenyeji, mtaa gani maji hayasumbui?