Nilivyoihakiki sarafu yangu ya fedha ya 1943 ya koloni la Uholanzi

Hii sarafu ya gulden 2½ (gulden ni hela ya zamani ya Uholanzi) ya 1943 niliitamani siku nyingi sana, sasa nilipoikuta hapa Uholanzi sokoni kwa wauza vitu vya kale, sura ya malkia Wilhelmina wala sikuhangaika nayo, nilichotafuta ni herufi D ndogo tu. Maana mwaka huo Uholanzi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu Mei 1940, kiwanda cha sarafu cha Utrecht kinatoa hela za zinki, malkia mwenyewe yuko London, na koloni lao kubwa, yani Indonesia ya leo, lilishachukuliwa na Wajapani Machi 1942. Sarafu za madini ya fedha zingetoka wapi? Serikali iliyokimbilia Uingereza ikaagiza Marekani, na D ndo kiwanda cha sarafu cha Denver. Fikiria, wanagonga hela ya koloni ambalo karibu lote liko kwa adui, hapo ndipo sarafu hii inanigusa sana.

Ila herufi inaghushiwa, kwahiyo nyumbani nikaipima. Sumaku haikushika. Mizani ikasoma gramu 24.9, iko sawa kwasababu mpya ni 25 na hii imetumika. Halafu kikaja kipimo ninachokiamini kuliko vyote, weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, funga sarafu kwa uzi kisha izamishe yote ining'inie majini bila kugusa chini wala pembeni, na mkono usitikisike. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Yangu ilisoma 2.49, gawa 24.9 kwa hiyo unapata 10, yani ni nzito mara 10 kuliko maji ya ujazo uleule, na fedha ya 72% iliyochanganywa na shaba inatakiwa iwe hapo hapo. Ingekuwa shaba na nikeli ingekuja kama 8.9 hivi. Ukingoni nako maneno ya Kiholanzi GOD ZIJ MET ONS (Mungu awe nasi) yamezunguka vizuri, yamefifia kidogo tu.

Saivi nina na robo gulden ya 1945 yenye S, ya San Francisco, ina Kimalay kwa herufi za Kiarabu, aliyepita madrasa anazifuatisha bila shida. Nayo ni 72% ila ina gramu 3.18 tu, kwa udogo huo mizani ya jikoni haifai kabisa, tafuta ya sonara inayosoma mpaka 0.01.