Damu Iliyonitetea

Pakiti za pedi ndizo zilizoniponza. Mama alikuwa akininunulia moja kila mwezi na kuiweka kwenye kabati langu la nguo. Mwezi wa 6, nikiwa na miaka 13, alifungua kabati akakuta mbili hazijaguswa. Hakufoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu akauliza, "Una jambo la kuniambia?"

Nikasema sina. Akauliza tena, safari hii macho yakiwa tumboni kwangu.

Sikuwa hata nimewahi kushikwa mkono na mvulana. Nilimwambia hivyo huku nalia, naye akajibu, "Haya, tutaona." Neno hilo nililala nalo na kuamka nalo. Sijawahi kumlaumu mama kwa swali lake, maana mzazi yeyote angewaza hivyo. Kinachoniuma ni kwamba hakuwa na swali lingine.

Ushahidi nilikuwa nao, ila niliuona hafifu. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la hisabati nilikuwa natia nukta nyekundu kila siku niliyoona damu. Hedhi ilianza tarehe 3 Januari, ikaja tena 5 Februari, kisha 3 Machi, kisha 23 Aprili. Baada ya hapo, karatasi tupu. Wenzangu walikuwa wakisema siku 28, siku 28, kama vile wote wamepewa saa moja. Ikafika mahali nikaanza kujishuku mwenyewe, nikijiuliza kama mwili unaweza kufanya jambo mwenyewe asijue.

Tarehe 10 Julai, siku ya 78, damu ikaja. Nilikaa chini bafuni nikalia kwa furaha. Kisha nikaenda kumwomba mama pedi, ingawa nilijua fika ziko wapi. Nilitaka anisikie nikiomba. Akashusha pumzi, akanipa, na mkono wake ukabaki kidogo juu ya wangu.

Ndiyo maana sikusema kitu siku ya 7 ilipofika damu haijakata. Wala ya 8. Nilikuwa nabadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, natoka mabonge, usiku naamka kufua shuka kimyakimya. Nikipanda ngazi masikio yanavuma. Lakini damu ile ilikuwa imenitetea mbele ya mama, na mimi niliogopa kuilalamikia, nikidhani ikikoma tu atarudi kunitazama tumbo. Siku ya 11 nilianguka mlangoni mwa jikoni.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo. Alimwomba mama asubiri nje. Mama akasita, halafu akatoka. Muuguzi akaniuliza kama nimewahi kulala na mwanamume, kwa sauti ileile aliyotumia kuniuliza kama nimekula. Nikasema sijawahi.

"Nimekusikia, mwanangu. Kipimo cha mkojo nitakupima hata hivyo. Tunampima kila msichana mwenye shida ya hedhi, si kwamba sikuamini."

Akanivuta kope ya chini kwa kidole gumba, akanishikia kioo kidogo nijione. Ndani, panapotakiwa kuwa pekundu, palikuwa peupe kabisa. Wingi wa damu ulitoka 9.1, na kwa umri wangu haitakiwi kushuka chini ya 12.

Alipouliza tarehe, nikatoa daftari kwenye mfuko wa pedi. Akazipitia nukta kwa ncha ya kalamu, midomo ikihesabu, akaandika pembeni: 33, 26, 51, 78. Hapo ndipo akamwita mama ndani, akamwekea daftari mapajani.

"Mimba hana," akasema. "Ovari zake bado changa, na ubongo unaoziamuru bado unajifunza kazi. Mwezi mmoja yai linapevuka, mwezi mwingine halipevuki. Lisipopevuka, utando wa ndani ya mfuko wa uzazi unaendelea kujijenga tu, hakuna homoni ya kuuzuia. Ukishanenepa sana unabomoka ovyo, ndiyo damu hii."

Alieleza kwamba miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, hedhi kupishana kwa siku 21 hadi 45 si jambo la kutisha. Lakini miezi 3 ikipita bila kuona kitu, au damu ikizidi siku 7, au pedi ikilowa ndani ya saa moja au mbili, msichana aletwe. Daktari akaniandikia vidonge vya homoni vya kukata damu na vya madini ya chuma, akaagiza pia damu ipimwe tezi ya shingo na namna inavyoganda. Alisema kuna wasichana ambao damu yao haigandi vizuri, na mara nyingi hedhi ndiyo huwafichua. Mimi vyote vilitoka salama.

Mama hakuinua macho muda wote ule. Alikuwa akipitisha kidole kwenye ile nafasi tupu baada ya tarehe 23 Aprili, mahali ambapo machozi yangu yalikuwa yamesambaza wino.

"Ulikuwa unahesabu peke yako?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Usiku huo aliingia chumbani kwangu na rula. Vidonge vyangu viko mezani, nami nimejilaza. Akafungua ukurasa mpya wa daftari, akachora mistari ya miezi yote iliyobaki, akaandika majina yake kwa mwandiko wake mzuri wa kulalia. Halafu akachukua kalamu yangu nyekundu.

"Leo imetoka?"

"Kidogo."

Akatia nukta, ndogo kuliko zangu, akaipuliza ikauke.