Usiku Spika Zilipozima

Wakati huo nilikuwa napiga kibodi kwenye bendi ya watu wanne. Tulikuwa tunaalikwa kwenye harusi, mahafali na sherehe za maofisini, na kazi yetu ilikuwa moja: kupiga nyimbo zinazotamba redioni. Jioni ninayoikumbuka ilikuwa ya tamasha la kuchangisha fedha. Ukumbi ulijaa vijana, na kwenye ratiba walikuwa wamemchomeka dada mmoja mpiga sello, ile fidla kubwa inayopigwa mtu ameketi, kati ya mchekeshaji na sisi. Mpiga besi wetu alipoiona ratiba alicheka. "Huyu watamzomea," akasema.

Mchekeshaji akazidisha muda, ratiba ikavurugika, tukapandishwa sisi kwanza. Katikati ya wimbo wa pili ikasikika harufu ya waya unaoungua, mara spika zote kimya. Kibodi yangu ikawa ubao wenye vitufe. Besi ikawa inasikika na mpigaji mwenyewe tu. Mwimbaji wetu aling'ang'ania kiitikio kidogo, mdomo unakwenda lakini sauti haifiki safu ya tatu, kisha naye akaacha. Miluzi ikaanza.

Fundi mitambo alikuwa amepiga magoti nyuma ya amplifaya, jasho linamtoka, yule dada alipopanda jukwaani amebeba kiti kwa mkono mmoja na sello kwa mwingine.

"Kaka, wewe tengeneza taratibu. Hawa nitakushikia."

"Maiki zimekufa, dada."

"Maiki ya nini?"

Akaketi, akachomeka ule mguu wa chuma sakafuni, akasugua ulimbo kwenye upinde, akaanza. Alipiga Prelude, yaani kipande cha ufunguzi, ya Suite ya kwanza ya sello ya Bach, mtunzi wa Kijerumani. Suite ni mfululizo wa vipande, na hiyo ni mojawapo ya zile sita alizozitunga karibu mwaka 1720. Sello peke yake, bila wa kuisindikiza.

Nisidanganye, ukumbi haukunyamaza papo hapo. Walionyamaza kwanza ni wa mbele, wa nyuma wakafuata kwa kuwa walikuwa hawasikii vizuri na wanataka kujua wenzao wanasikiliza nini. Kuna mahali katikati ya kipande hicho upinde hutulia juu ya noti moja, na hapo watu wakapiga makofi wakidhani kamaliza. Akacheka, akaendelea. Karibu na mwisho sauti hupanda kwa hatua ndogo ndogo huku uzi mmoja ukirudiwarudiwa chini bila kubadilika, mpaka unasikia kama wanaopiga ni wawili. Kijana mmoja aliyekuwa karibu yangu aliinuka kabisa kuchungulia kama kuna mwingine nyuma ya pazia.

Kabla ya hapo, utetezi pekee niliokuwa nimeusikia kuhusu muziki wa klasiki ulikuwa kwamba wanamuziki wa pop wanauchota. Ni kweli. "All by Myself" ya Eric Carmen, ya mwaka 1975, imechukua muziki wa beti zake kutoka Konseto ya pili ya piano na okestra ya Rachmaninoff, mtunzi wa Kirusi. Lakini mimi utetezi huo siupendi. Unaufanya muziki huo uwe kama babu anayeheshimiwa kwa sababu tu wajukuu zake wana fedha. Bach wa usiku ule hakuhitaji mjukuu. Sauti yake ilitungiwa mbao, nyuzi na kuta, kabla ya umeme, na amplifaya ilipoungua haikumpunguzia kitu.

Jambo jingine ni kiitikio. Sisi wa bendi tulijua kwamba kisipofika mapema, watu wanaelekea kwenye vinywaji. Prelude ile haina kiitikio wala maneno, inakwenda zaidi ya dakika mbili, na watu walingoja. Suite zenyewe zilikaa muda mrefu zikichukuliwa zaidi kama mazoezi ya wanafunzi, hadi mpiga sello Pablo Casals alipookota nakala yazo katika duka la Barcelona mwaka 1890, akiwa na miaka 13. Alizifanyia mazoezi kwa takriban miaka 12 kabla ya kuthubutu kuzipiga hadharani. Hebu fikiria zingepimwa kwa umaarufu wa wiki.

Amplifaya nyingine ikaletwa, tukarudi jukwaani, vijana wakacheza mpaka jasho. Hakuna aliyedai Bach arudishwe, na sikuona ubaya. Hata yeye, ukiacha Prelude, vipande vya suite zake amevipa majina ya dansi: sarabanda, minueti, jigi.

Wakati wa kupakia vyombo nilimkuta mpiga besi wetu amechuchumaa mbele ya yule dada, gitaa pajani, anatafuta noti za mwanzo. Alikuwa anakwama. Nyuzi za sello zimepishana kwa sauti tano, za besi kwa nne, kwa hiyo vidole vilikuwa vinatua pasipo pake.

"Basi nitaitiuni upya, dada."

"Usiitiuni. Hamisha mkono."

Wakabishana hapo hadi dereva akapiga honi mara ya tatu.