Mikindani niliyoijua kutoka juu

Kabla hatujahamia huku, Mikindani niliijua kutoka angani tu: duara la maji lililojichimbia ndani ya nchi kavu, lenye mlango mwembamba wa kutokea baharini, ambalo mimi na wenzangu tulilitafuta kwa macho kila tulipokuwa tukishuka kuelekea Mtwara. Nilikuwa rubani wa ndege za usafirishaji katika Jeshi la Wananchi, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza ndani ya Buffalo, ndege ya Kanada yenye injini mbili za pangaboi na tabia njema ya kutua kwenye viwanja vifupi ambavyo ndege nyingine zingevikataa. Miaka hiyo Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa. Lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla ya hapo masika yakikolea mto Rufiji uliikata barabara ya kusini, hata mtu wa Dar es Salaam mwenye safari ya Mtwara akabaki na meli, ndege au subira. Tulikuja mara kwa mara, na kila mara niliiona hori hii ina rangi nyingine, leo buluu nzito, kesho kahawia yenye michirizi ya kijani. Nilidhani ni kazi ya jua na mawingu. Kumbe ilikuwa maji kujaa na kupwa, na jambo hilo nimekuja kulielewa nikiwa na umri wa miaka 61, nimekaa peke yangu ndani ya mtumbwi uliokwama topeni.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu tuhamie, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Saa kumi na mbili asubuhi niliazima mtumbwi nikapiga kasia hadi kwenye mikoko kutazama ndege, hawa wa manyoya, na kwa kuwa maji yalikuwa mengi sikujiuliza yanakwenda wapi. Saa tatu nilikuwa nimekaa juu ya tope. Akina mama waliokwenda kuokota kombe walinipita kwa miguu, na mmoja wao akaniamkia kwa heshima zote: "Shikamoo, Afande. Leo umetua kiwanja gani?" Niliitikia marahaba, kwa kuwa sikuwa na jibu jingine, nikakaa hapo hapo juani mpaka saa nane mchana maji yaliporudi kuninyanyua.

Jioni yake jirani yangu, nahodha mstaafu aliyenizidi kama miaka kumi, ambaye huniita Rubani nami humwita Mzee, alinifundisha kile ambacho kila mtoto wa hapa anakijua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Kati yake ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, kisha kila siku hukawia kwa takriban dakika 50. Nilitoa daftari langu la miruko, ambalo lilibakiwa na kurasa nyingi tupu, na katika safu zilizochapwa kwa ajili ya muda wa kupaa na muda wa kutua nikaanza kuandika kujaa na kupwa. Mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Newala na ndiye aliyetaka turudi kusini, alisema afadhali daftari limepata kazi maana mwenyewe nilikuwa bado sijapata.

Nyumba nayo ilinipa somo lake, na hapa sina wa kumlaumu. Ndege ikiruka chini chini juu ya bahari huoshwa kwa maji baridi inaporudi, kwa sababu chumvi hula aluminiamu kimyakimya. Nimelisema hilo kwa vijana miaka nenda rudi. Hata hivyo nilimwacha fundi apigilie mabati yangu kwa misumari ya kawaida, na baada ya miezi saba kutu ilikuwa imechora michirizi mirefu kwenye ukuta uliotoka kupakwa rangi. Nyumba za zamani za mtaani kwetu, za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, zinanitazama kwa dharau ninayostahili.

Jambo lililonikalia vizuri ni upepo. Rubani huambiwa upepo kwa nyuzi za mwelekeo na noti za kasi, wakati huu tu, kwenye kiwanja hiki tu. Mzee huujua kwa majira: kusi hushika kuanzia Mei na kukaza katikati ya mwaka, kaskazi huingia mwishoni mwa mwaka mpaka Machi, na katikati yake ni maleleji, upepo usio na msimamo. Siku ya kwanza aliponipandisha kwenye ngalawa yake na kupiga bisho, akienda upande huu kisha upande ule ili kuukwea upepo uliokuwa ukitujia usoni, nililitambua tanga mara moja. Ni bawa lililosimamishwa wima: upepo unapita pande zake mbili kwa mwendo usiolingana, nalo linavutwa. Nilimweleza Mzee hayo kwa urefu, pengine kwa urefu uliopita kiasi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanikabidhi demani, kamba ya kulishikilia tanga.

Sasa huenda naye mara mbili kwa wiki kutazama madema, mitego ya samaki. Ndege ya Dar es Salaam ikipita juu yetu kuelekea kiwanjani, siwezi kujizuia kuinua kichwa, naye huniuliza, macho yake yakiwa majini, kama rubani wa leo amekuja vizuri. Jumanne iliyopita nilimjibu kwamba amekuja juu mno na atalazimika kuishusha kwa haraka. Nilikuwa bado naeleza wakati tanga lilipopiga kofi juu ya vichwa vyetu, kwa sababu demani nilikuwa nimeiachia.