Korosho za Yule Mama Kwenye GIMP

Mwaka 2016 pale dukani kwetu Kariakoo Windows ilikuwa imeshatushinda kabisa. Sisi tulikuwa watu wa kadi, mabango, tisheti za kampeni za mtaani na vitambulisho, na kila mteja anaingia na flashi yake, na kila flashi ina virusi wake, wale wa kugeuza mafoda yako yote kuwa shortikati halafu ukibonyeza ndo unawaalika rasmi. Bosi alikuwa analipa fundi kila mara kuja kupiga Windows upya, mpaka siku moja dogo mmoja aliyekuwa field pale kwetu akamwambia bosi mimi nakuwekea Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, hutalipa mtu tena. Bosi akakubali kwa sababu ya hilo neno "hutalipa", siyo kwa sababu nyingine yoyote. Kompyuta zote zikawekwa Linux Mint, na humo ndani GIMP, programu ya bure ya kuchora na kutengeneza picha, imeshakaa tayari, na ile Photoshop yetu ya kukraki ikaenda na maji.

Mimi nilinuna. Kiukweli sikuichukia GIMP, ila nilikuwa nimeshazoea kule, nina brashi zangu, yaani picha ndogo za kugonga kama mhuri, nina maua yangu, nina fremu za dhahabu ambazo kila kamati ya harusi Dar hii inazitaka, halafu leo nafungua programu mpya naangalia kwenye brashi nakuta madoa ya rangi, viduara, mzabibu unaotambaa na pilipili. Pilipili jamani, kijani, imekaa hapo peke yake. Namuuliza dogo hii ya nini, ananiambia dada hiyo ipo tangu zamani, hii programu waliianza wanafunzi wawili wa Berkeley kule Marekani mwaka 1995, ndo wametuachia. Bosi akadakia huko kwenye kiti chake, na mshahara wao analipa nani? Dogo akaanza kumweleza habari za watu kujitolea, bosi akamkata, haya haya, fanyeni kazi.

Sasa akaja yule mama. Alikuwa katibu wa kamati, binti yao anaolewa, na mkononi ana doti ya khanga imekunjwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akaitoa khanga taratibu akaitandaza juu ya meza yangu, juu ya kibodi na kila kitu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, mji wake umejaa korosho, korosho kubwa zile zilizopinda shingo, na ndani ya kila korosho kuna vidoti na vijani. Akasema mwanangu, hii ndo sare yetu, nimeikuta Mtaa wa Uhuru imebaki mzigo mmoja nikauchukua wote, sasa na kadi nataka ifanane na sare, pindo lizunguke kadi nzima, na korosho ziwe hizi hizi, sitaki yale maua yenu ya kwenye kompyuta. Bosi akamuuliza kwa nini asiweke kisutu, si ndo khanga ya bibi harusi, mama akamwangalia tu, akasema kisutu kila mtu anacho.

Akaniachia khanga moja, ile nyingine akaondoka nayo, nadhani hakutuamini sana.

Nikaitia kwenye skana kipande kipande, dots 300 kwa inchi maana chini ya hapo kwenye kuprinti unapata ukungu. Wazo langu la kwanza lilikuwa nikate korosho moja, niikopi, niibandike, niizungushe kidogo, niibandike tena, mpaka nimalize kadi nzima. Dogo alikuwa amesimama nyuma yangu anakula mihogo, akasema dada utakesha, ifanye iwe brashi. Nikamwambia brashi si zile zao? Akasema hapana, kuna foda, ukitupa kitu chako humo na yenyewe inakiona kama chake.

Hapo ndo nilipoanza kuipenda ile programu, sitaki kusema uongo. Kwa sababu kule nilikotoka vitu vyangu vyote nilivitoa kwa watu, mtu anakupa kwenye flashi, hujui alitengeneza nani wala ilitengenezwaje. Huku tunakaa tunaitengeneza wenyewe, na inavyotengenezwa hata siyo ajabu. Unaikata korosho yako moja, unaiweka kwenye karatasi yake ndogo, kisha unaambiwa uchague, unataka ibaki na rangi yake au ipokee rangi unayoshika wewe. Ukiiacha ya rangi na usuli ukiwa wazi, kila ukibonyeza inatoka nyekundu ile ile ya kwenye khanga, basi. Ukiigeuza ya kijivu, weusi na weupe tu, inakuwa kitu kingine, pale penye weusi panapaka, pale penye weupe hapapaki, na rangi inakuwa yoyote uliyoishika wakati huo. Dogo alitaka ya rangi. Mimi nikamwambia wewe hujawahi kufanya kazi na kamati ya harusi, hawa leo watasema nyekundu, kesho watasema dada wa bwana harusi anasema maruni. Tukafanya ya kijivu.

Halafu kuhifadhi. GIMP 2.8 ukisema save inakuhifadhia kwa faili lake lenyewe la xcf tu, ukitaka kitu kingine chochote lazima useme export, na hilo lilikuwa linaniudhi kila siku ya Mungu. Nikaexport korosho.gbr, inauliza jina, inauliza nafasi kati ya alama na alama, imejiandikia 10, nikaacha hivyo hivyo. Sasa kuiweka wapi. Dogo akajaribu kwanza kule kwenye foda la mfumo, /usr/share/gimp/2.0/brushes, ikamkatalia, huna ruhusa. Akataka kutumia sudo, ile amri ya kupita kwa nguvu, nikamwambia subiri, si ulisema kila mtu ana la kwake? Kumbe lipo, ila limefichwa, jina linaanza na nukta, kwa hiyo ukifungua nyumbani kwako hulioni mpaka ubonyeze Ctrl na H ndo linatokea pamoja na wenzake kibao usiowajua. .gimp-2.8, ndani yake foda la brushes, jingine la patterns, jingine la palettes, la gradients, la scripts, kila kitu na chumba chake. Tukaitupa korosho humo, tukarudi kwenye programu, chini ya dirisha la brashi kuna kitufe cha mishale miwili inayozunguka, ukikibonyeza inasoma upya bila kuzima. Nikabonyeza.

Ikatokea. Imekaa na pilipili yao.

Nilipiga kelele mpaka mama ntilie wa nje akachungulia. Nikashika nyekundu, nikavuta mstari, ikatoka uji. Ile 10 maana yake ni asilimia kumi ya ukubwa wa brashi, kwa hiyo korosho inaipanda korosho mwenzake kabla haijamaliza hata shingo. Nikapandisha mpaka 110 hivi, zikaachana, zikakaa moja moja vizuri na kinafasi kidogo katikati.

Nikamtumia mama picha kwa WhatsApp. Akajibu kwa sauti, na sauti yake ile ya kamati, mwanangu umejitahidi lakini hizi zote ni korosho moja. Nikamwambia ndio mama. Akasema khanga haiko hivyo, angalia khanga. Nikaangalia khanga. Ni kweli, kuna nyingine nene, nyingine shingo fupi, nyingine vidoti vimekaa upande. Mtu anayevaa khanga tangu utoto anaona hicho kitu kwa sekunde moja, mimi niliyeisoma dizaini nilikuwa nimeiskani kwa dots 300 na sikuona.

Kwa hiyo kukawa na kazi ya usiku. Kuna aina nyingine ya brashi, inaishia na .gih, hiyo inabeba picha nyingi ndani ya faili moja, unaweka kila korosho kwenye leya yake, yaani tabaka lake, zote ukubwa sawa, wakati wa kuexport unaiambia zipo nne na uzitoe bila mpangilio. Kila alama inayotua inachagua yenyewe. Tukazikata nne kutoka kwenye khanga ya mama, mbili nikazigeuza upande. Umeme ukakatika katikati, UPS ikalia ikatuvumilia mpaka nikasevu kila kitu, tukakaa gizani na dogo tunapigwa na mbu tunabishana Simba na Yanga, ukarudi tukaendelea. Mabasi ya Mwendokasi yalikuwa yameanza mwaka huo huo na nilikuwa nakaa Kimara, kwa hiyo kidogo nilikuwa na ujasiri wa kuchelewa, zamani saa hizo ningekuwa nimeshakimbilia daladala.

Kilichonimaliza ni pindo. Nilidhani nitalichora kwa mkono, kwa Shift na mistari, kona zinisumbue. Dogo akasema chora boksi la kuselekti kuzunguka kadi, nenda menyu ya Edit, iambie ipitishe brashi juu ya mstari wa hilo boksi. Ikapita. Korosho zikaizunguka kadi nzima, na tulivyowasha ile mipangilio ya brashi kufuata mwelekeo zikawa zinageuka zenyewe kwenye kila upande, zote shingo zinaangalia mbele. Bosi alikuwa ameshaondoka, hakuna wa kumwonyesha, tukaangaliana tu tukacheka.

Rangi tulizimaliza asubuhi yake. Paleti ya GIMP, yaani orodha ya rangi zako, ni faili la maandishi tu, la gpl, unalifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia, mstari wa kwanza unaandika GIMP Palette, wa pili jina, halafu kila rangi na namba zake tatu za wekundu, kijani na bluu na jina lake mbele. Nikaandika nyekundu khanga, nyeusi khanga, nyeupe khanga. Tulipopeleka ya majaribio kwa jamaa wa kuprinti, nyekundu ikarudi imekufa, imekuwa kama kahawia, maana GIMP ile inafanya kazi kwa rangi za skrini na mashine ya kuprinti ina wino zake nne, sasa badala ya kugusa kadi nzima nikawa nafungua kile kifaili nabadilisha namba, napaka upya, naprinti kipande kidogo pembeni ya karatasi, mpaka ikafanana na kitambaa. Fonti ilikuwa dakika mbili, nikaitupa kwenye foda la .fonts nikapiga fc-cache, amri ya kusoma fonti upya, kwenye terminal, basi, hiyo sina hadithi nayo.

Mama alipokuja akaiweka kadi juu ya khanga. Akaisogeza. Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akasema hizi ndo korosho zangu. Akaagiza mia mbili, akaomba apunguziwe, bosi akapunguza kidogo kwa shida.

Sasa shida ikaja kwa bosi. Alivyoona mama amefurahi akataka korosho kwenye kila kompyuta. Dogo akamtengenezea foda moja la wote kwenye kompyuta kubwa, halafu kwenye kila mashine akaingia Preferences, sehemu ya Folders, akaongeza hilo foda kwenye orodha ya brashi, ukizima GIMP na kuiwasha unakuta korosho zipo. Siku mbili tu nakuta bosi mwenyewe, ambaye hakuwahi kushika mausi mbele yangu, anasimamia bango la kitchen party ya watu wengine wa Mbagala, pindo lote korosho.

Na mama akalijua. Sijui nani alimwambia, Dar hii. Akapiga simu, siyo kwa bosi, kwangu. Mwanangu, sare yangu haijavaliwa bado, wewe unaigawa? Mimi nilizunguka Uhuru yote kutafuta kitambaa ambacho mtu hana, harusi bado, halafu watu wa Mbagala watangulie na korosho zangu kwenye bango? Sikuwa na la kujibu, nikamwambia mama nimekuelewa, mpaka harusi ipite hazitatoka. Akasema na pindo lao? Nikamwambia nitawawekea maua.

Nikaenda kwenye lile foda la wote, nikazikata korosho zote, ya gbr na ya gih, nikazibandika kwenye langu lililofichwa, pale .gimp-2.8, ambapo zinaonekana nikiingia na jina langu tu. Bango la Mbagala nikalimalizia kwa ule mzabibu wao wa tangu zamani na waliupenda sana tu. Bosi alikaa kwenye mashine yake anabonyeza kile kitufe cha mishale miwili, anabonyeza, anabonyeza tena, ananiuliza binti, mbona leo pilipili ipo na korosho hamna? Nikamwambia labda kafoda kana shida bosi, ngoja dogo aje. Dogo alikuwa yuko pale pale, kainama chini ya meza anapanga nyaya, na hakuinuka.