Mbuni wa msituni na maua yake ya siku mbili

Watu wa kahawa hawaishiwi maneno, utasikia kukaanga, kusaga, uchachu, sijui ladha ya limau sijui ya chokoleti, ila waulize ua la mbuni, yaani mti wa kahawa wenyewe, likoje uone wanavyokutolea macho. Basi mi leo naongelea ua, na tena la mbuni ukiwa kwao porini, sio ule uliopangwa mistari shambani.

Kwao ni misitu ya milimani kusini magharibi mwa Ethiopia, pande za Kaffa na Yayu, upo pia Harenna kule milima ya Bale, na kidogo uwanda wa Boma Sudan Kusini na mlima Marsabit nchini Kenya. Ni kichaka cha kivulini, juu yake kuna miti mikubwa imefunika. Kama umezoea mibuni ya shamba inayopogolewa ibaki kimo cha mtu kuvuna, huu wa porini unaweza kuupita bila kuutambua, shina jembamba, matawi machache yameachiana nafasi, unajinyoosha kutafuta mwanga hadi mita 8 au zaidi. Majani yake ni mawili mawili, kijani kilichoiva, yanang'aa na kingo zina mawimbi.

Sasa ua. Vitumba vinajitunga kwenye makwapa ya majani halafu vinasimama tu, vinasubiri, kiangazi chote havifunguki. Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha ndo vinashtuka, na baada ya kama siku kumi hivi mibuni inachanua yote kwa mpigo, maua meupe petali tano tano yamejaa tawi zima na harufu ni asmini kabisa. Siku mbili, tatu zikizidi sana, yameshanyauka. Ukichelewa umekosa, rudi baada ya miezi saba nane uone matunda mekundu.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba ua hili linaweza kujichavusha lenyewe, halimtegemei mdudu, lakini bado linaweka nekta, yale maji matamu wanayofuata nyuki, na ndani ya nekta kuna kafeini! Utafiti uliochapishwa 2013 kwenye jarida la Science ulionyesha nyuki wakipewa kafeini kidogo namna hiyo wanaikumbuka harufu ya ua vizuri kuliko waliopewa sukari tupu. Yaani nyuki nao wana kijiwe chao cha kahawa. Na wenyeji wa misitu hiyo wananing'iniza mizinga juu ya miti, kwahiyo asali na buni vinatoka msitu mmoja.

Kuna jambo linaniumiza kichwa kidogo. Arabika, ndo aina ya kahawa ya mbuni huu, nyingi ya duniani imetoka kwenye mbegu chache zilizopita Yemen, na ile ya Amerika sehemu kubwa ni uzao wa miche michache tu, kuna mmoja wa Amsterdam ambao mtoto wake alipelekwa kwa mfalme wa Ufaransa 1714. Ukoo finyu hivyo ugonjwa ukija unafagia wote, muulize aliyelima kahawa Sri Lanka baada ya kutu ya majani kuingia 1869, wakaishia kulima chai. Utofauti wa jeni uliobaki uko hukohuko msituni Ethiopia, na mbuni wa porini sasa umewekwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Misitu inakatwa, joto linapanda, na hata pale msitu ulipobaki watu wanafyeka vichaka vya chini na kupunguza miti ya juu ili mibuni izae zaidi. Namuelewa mkulima, tumbo halisubiri jeni, ila miche ya miti mingine ikifyekwa kila mwaka hicho kivuli cha kesho kitatoka wapi?

Afu kwa wale wenye mbuni kwenye chungu ndani ya nyumba na wanalalamika miaka inapita hauchanui: kwanza subiri ufike miaka mitatu minne, pili usiuanike kwenye jua kali majani yataungua, tatu ukishaona vitumba punguza maji wiki kadhaa (usiuue lakini) halafu umwagilie kwa nguvu kama mvua imefika. Ukichanua tikisa matawi kidogo, chavua itamaliza kazi yenyewe.