Siku moja maishani mwangu: kibali cha kuongeza nyumba Sinza, majirani wakipinga

Saa 2:00 asubuhi. Kazi yangu ni kupitia maombi ya vibali vya ujenzi, Dar es Salaam. Faili moja tu leo, lakini nene. Kiwanja cha mita 12 kwa 24, kama vilivyo vingi Sinza. Nyumba iliyopo ni mita 9 kwa 11. Mwombaji anataka kuongeza uani jengo la mita 9 kwa 5: chini jiko na stoo, juu vyumba viwili. Ndani mna fomu, nakala ya hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi, michoro ya msanifu na ya mhandisi, na barua tatu za pingamizi zilizopitia kwa mtendaji wa mtaa.

Hesabu kwanza, barua baadaye. 99 na 45 ni 144, nusu kamili ya kiwanja chenye mita za mraba 288. Nalinganisha na ukomo wa sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kujengwa eneo hilo: ombi linapita. Tatizo liko kwa mhandisi: ghorofa ya nyuma imeegemezwa kwenye ukuta wa zamani wa tofali za inchi 6, na hakuna mchoro wa msingi uliopo. Hakuna anayejua ukuta ule umekaa juu ya nini. Nyumba nyingi za mjini zilijengwa kwa awamu, fundi akimaliza fedha ya mwenye nyumba.

Saa 3:30. Naziainisha barua. Ya kwanza: dirisha litaangalia bafu la uani. Ya pili: "amepita mpaka", na maji ya paa yatamwagika kwake. Ya tatu: atapangisha vyumba, kelele zitazidi. Hiyo ya mwisho naiweka pembeni. Kupangisha vyumba si kosa la ujenzi. Akigeuza gesti, hapo ni kubadili matumizi na maombi yake ni mengine. Jirani huandika kila kinachomkera, na hoja yenye uzito mara nyingi iko aya ya mwisho, baada ya malalamiko ya muziki na mbuzi.

Saa 5:00. Kiwanjani, pamoja na mpima ardhi, afisa afya na mwenyekiti wa mtaa. GPS ya mkononi haifai hapa, inaweza kukosea mita kadhaa, na tunachobishania ni sentimita. Bikoni, yaani alama ya zege ya mpaka, ya nyuma kushoto imefukiwa chini ya majani ya migomba. Jembe linalia kwenye zege, namba inaonekana tukipangusa. Ya pili iko chini ya fensi.

Kutoka ukuta wa nyumba hadi fensi, tepu inasoma mita 1.1. Mchoro unasema 1.5. Mwenye barua ya pili, bibi wa makamo, anaona furaha imemfikia. Mpima anavuta kamba kati ya bikoni mbili: mita 1.5. Fensi ndiyo imeingia ndani ya kiwanja cha mwombaji kwa sentimita 40, nayo si ya mwombaji.

"Mwanangu, fensi hii nimeikuta," anasema.

"Sawa mama, leo hatuibomoi."

Na kweli haituhusu. Kibali kinapimwa kutoka mpaka uliosajiliwa. Ugomvi wa fensi una njia yake: kata kwa usuluhishi, kisha baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Kuhusu maji, hata hivyo, bibi ana haki. Mchoroni paa limechomoza sentimita 60 upande wake na mteremko unaelekea kwake. Paa la mita za mraba 45 likipata milimita 50 za mvua ya masika linamwaga lita 2,250. Tenki la mchoroni ni la lita 1,000. Gata peke yake haitoshi.

Afisa afya anagonga sakafu ya ua kwa kisigino. Mfuniko wa shimo la choo uko hapo hapo jiko linapotakiwa. Likijengwa, chemba haifunguki na bomba la gari la majitaka halina pa kuingilia. Hakuna jirani aliyeliandika hili, ilhali ndilo lingeleta harufu kwa wote.

Saa 8:00. Kikao cha wataalamu. Mmoja anataka tukatae, "majirani wote watatu wamepinga". Idadi ya wapinzani si kipimo. Tunarudisha michoro irekebishwe: mteremko wa paa ugeuzwe kuelekea ua wa mwenyewe, na ukingo wa paa usichomoze zaidi ya sentimita 20; kingo ya chini ya dirisha la juu iwe mita 1.8 kutoka sakafuni. Shimo la choo lihamie mbele, gari lifikie. Ghorofa isimame juu ya nguzo zake, na lichimbwe shimo la kuangalia msingi wa zamani.

Saa 9:30. Barua. Naepuka "azingatie faragha ya majirani", maana fundi hapimi faragha. Naandika mita na sentimita. Nakala moja kwa mtendaji, wapingaji wote waione.

Sharti la mwisho naliweka kwa mkono kabla ya kusaini: siku ya kuchimba msingi, mkaguzi aitwe kwanza, akute kamba zimefungwa kutoka kwenye bikoni. Si kutoka kwenye fensi.